Mwana wa Mhunzi

Wazee wetu husema, "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta." Maneno haya tumeyafundisha darasani miaka mingi, tukiyaandika ubaoni pamoja na mithali nyingine, na watoto wakayanakili katika daftari zao. Lakini twakiri ya kuwa maana yake hatukuijua sawasawa mpaka tulipokuwa wazee, tena katika nchi ya mbali, nyumbani kwa watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Habari hiyo ndiyo tutakayo kuwaeleza. Ndani yake mna kosa letu wenyewe, na mtu akificha kosa lake huwanyima wenzake mafundisho.

Sisi tu watu wawili, mume na mke, walimu wote wawili, wenyeji wa Ugogo. Tulipokwisha kustaafu, binti yetu, aliye mwuguzi huko Ayalandi, alituita twende kumsaidia kulea mtoto wake wa kwanza. Tukakaa naye miezi kumi na minne katika jimbo la Clare, upande wa magharibi wa nchi ile, karibu na mji mdogo uitwao Miltown Malbay. Bahari kuu ya Atlantiki haiko mbali na hapo. Upepo wake haupumziki, na mvua hunyesha hata siku ambazo kwetu zingekuwa za kiangazi. Mashamba yao ni ya majani, yamegawanywa kwa kuta za mawe, na ndani yake mna ng'ombe. Mgogo akiona ng'ombe hawezi kujihesabu kuwa mgeni kabisa. Basi tukaipenda nchi.

Katika nyumba ya jirani alikuwamo babu mmoja, na mwanawe na mkwewe, na wajukuu watatu. Mkubwa alikuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja, wa pili msichana wa miaka tisa, na kitinda mimba mvulana wa miaka sita. Majina yao hatuyataji, kwa kuwa ni watoto wa watu. Babu yule alituita kwa majina yetu ya ubatizo tangu siku ya kwanza, bila "bwana" wala "mwalimu", nasi tukastaajabu. Lakini ndiyo desturi yao, wala hakuna dharau ndani yake.

Jioni moja tulialikwa chai jikoni mwao. Tukaona ukutani vitu vimetundikwa kwa misumari, kama sisi tunavyotundika vibuyu na nyungo. Palikuwa na fidla mbili, moja kubwa kidogo kuliko mwenzake. Palikuwa na filimbi za bati, zenye matundu sita, ambazo bei yake ni ndogo hata maskini aweza kuinunua. Palikuwa na tari la ngozi ya mbuzi, waliitalo bodhrán, ambalo hupigwa kwa kijiti kifupi. Na juu ya kabati ilikaa konsatina ya babu, ndugu mdogo wa kodiani. Ina mvukuto katikati na vitufe pande zote mbili. Na kitufe kile kile hutoa sauti moja ukisukuma, na sauti nyingine ukivuta. Jimbo la Clare lasifiwa sana kwa chombo hicho.

Jirani mwingine alikuwa na chombo cha ajabu zaidi, zumari ya kiriba. Mpigaji hapulizi kwa kinywa chake. Pepo hutoka katika mvukuto mdogo anaoubana chini ya kiwiko cha mkono mmoja, kisha hushindiliwa kwa kiwiko cha pili. Jina lake kwa Kiayalandi latokana na neno la kiwiko. Nao husema ya kwamba mpigaji wa zumari hiyo hutakiwa miaka saba ya kujifunza, miaka saba ya kujizoeza, na miaka saba ya kupiga, ndipo awe mpigaji kweli. Tulipouona mvukuto ule tuliikumbuka mithali yetu ya mhunzi, tukacheka.

Sasa tuwaeleze habari za fidla zile mbili, maana hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mtoto mdogo hapewi fidla ya mtu mzima, kwa kuwa mkono wake haufiki. Hutengenezwa fidla za vipimo, iko ya robo, iko ya nusu, iko ya robo tatu. Mkono ukirefuka, mtoto huhama. Basi yule mvulana mkubwa alikuwa ameanza na ya robo, akahamia ya nusu, na sasa alikuwa na ya robo tatu. Na kila alipohama, dada yake alirithi ile aliyoiacha. Msichana hakupata kushika fidla mpya. Alishika ile iliyokwisha kulainishwa na kidevu cha kaka yake.

Kila Jumanne jioni walikwenda katika ukumbi wa shule ya watoto, nasi tukaomba ruhusa kwenda kutazama, kama walimu wapendavyo kutazama kazi ya walimu. Hatukuona kitabu wala ubao. Mwalimu, msichana wa makamo ya binti yetu, alipiga kipande kifupi cha tuni, watoto wakakirudia. Akapiga tena, wakarudia tena. Kisha akaongeza kipande cha pili, akakiunganisha na cha kwanza. Tuni nyingi zina sehemu mbili, kila sehemu hupigwa mara mbili, kisha hurudiwa tangu mwanzo. Ziko ziitwazo jigi, mwendo wake ni wa tatu tatu. Ziko ziitwazo rili, mwendo wake ni wa nne nne. Wakiisha kuishika tuni kwa masikio, ndipo hufundishwa mapambo yake: kabla ya kuikalia nota, kidole hugusa nyingine upesi, kama ndege agusaye maji na kuruka. Mwisho wa saa watoto hunasa sauti ya mwalimu kwa simu zao, wakasikilize nyumbani.

Sisi tulifundishwa, nasi tukafundisha, ya kuwa jambo lisiloandikwa halijajulikana. Tukatoka ukumbini tukinyamaza.

Tulimwuliza babu, "Mambo haya yamedumuje?" Akatuambia ya kuwa nusura yasidumu. Kati ya miaka 1845 na 1849 viazi, chakula cha maskini, vilioza mashambani kwa ugonjwa. Watu wapata milioni moja wakafa, na wengine wapata milioni moja wakapanda meli kwenda ng'ambo. Wapigaji wengi walikufa au walikwenda na meli hizo. Mwana mmoja wa nchi ile, Francis O'Neill, aliyezaliwa katika jimbo la Cork mwaka 1848, alifika Marekani akawa mkuu wa polisi wa mji wa Chicago. Yeye alizikusanya tuni kutoka kwa wahamiaji wenzake, hata mwaka 1903 akapiga chapa kitabu chenye tuni 1,850. Hivyo mali ya nyumbani ilitunzwa ugenini na askari.

Kisha babu akatuambia jambo lililotugusa. Mwaka 1935 serikali ilitunga sheria ya kudai kibali kwa kila mahali pa kuchezea dansi hadharani. Mapadre wengi hawakupenda michezo ya usiku, kwa kuhofia maadili ya vijana. Nao pamoja na polisi wakaitumia sheria hiyo kuzima hata michezo ya jikoni, ambapo majirani walikusanyika na mpigaji mmoja. Nyumba nyingi zikanyamaza. Babu hakusema kwa uchungu. Alisema, "Walitaka kung'oa magugu, wakang'oa na mtama." Kwao hakuna mtama, alisema neno la nafaka yao, lakini sisi tulisikia mtama, tukakumbuka nyumbani.

Lakini moto haukuzimika wote. Mwaka 1951 wapigaji wakaanzisha chama chao, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, na mwaka ule ule wakafanya sikukuu yao ya kwanza katika mji wa Mullingar, iitwayo Fleadh Cheoil. Mpaka leo hufanywa kila mwaka kwa mashindano ya watoto na ya watu wazima. Na huko Miltown Malbay, alipofariki mpigaji mashuhuri wa zumari ya kiriba, Willie Clancy, mwaka 1973, wenzake walianzisha shule ya majira ya joto kwa jina lake. Kila mwaka mwanzo wa mwezi wa saba wanafunzi huja kutoka nchi nyingi, hata mji ule mdogo hufurika fidla.

Basi sasa twafika kwenye kosa letu.

Yule msichana alikuwa na sikio la pekee. Tuni aliyoisikia jioni, asubuhi alikuwa nayo. Kaka yake alitaka siku tatu au nne, tena kwa bidii na jasho. Sisi, kwa mazoea ya darasani, tulimsifu mwepesi. Siku moja jikoni tulisema kwa sauti, "Huyu ndiye mpigaji wa nyumba hii." Mvulana alikuwa amesimama karibu na jiko, ameishika fidla yake. Hakusema neno. Sisi tuliendelea kunywa chai.

Mwezi wa tano yakaja mashindano ya jimbo. Wote wawili walikuwa chini ya miaka kumi na miwili, kwa hiyo waliwekwa katika kundi moja. Msichana alipata nafasi ya pili, akaruhusiwa kuendelea katika mashindano ya Munster, nchi yote ya kusini. Kaka yake hakupata nafasi. Nasi tukaongeza kosa juu ya kosa: tulioka keki tukaipeleka kwa jirani, tukasema ni ya msichana. Hatukuwa na nia mbaya, lakini nia njema haiponyi kidonda.

Usiku ule mvulana aliisukuma fidla yake uvunguni mwa kitanda. Jumanne ikaja, akasema anaumwa na tumbo. Jumanne ya pili, akasema ana kazi ya shule. Jumanne ya tatu, hakusema kitu, akakaa tu. Mama yake akamsihi, baba yake akamkemea, yeye akazidi kunyamaza. Na msichana naye alipoona hivyo, alianza kupiga kwa sauti ndogo, kisha akawa akipigia zizini, kana kwamba ameiba. Furaha yake ikaharibika pamoja na ya kaka yake. Tukaona ya kuwa sisi wageni, tuliopokewa kwa wema, tumetia ufa katika nyumba ya watu.

Mama wa nyumba yetu, yaani mmoja wetu sisi wawili, alisema, "Yatupasa kumwomba radhi mtoto yule." Mwingine wetu alisita. Miaka arobaini ya ualimu hakupata kumwomba mtoto radhi, wala hakumwona baba yake akifanya hivyo. Lakini tulikwenda. Tulimkuta akichota maji ya ndama, tukamwambia ya kuwa tulinena vibaya jikoni, na ya kuwa tuliona haya. Akatutazama, akasema, "Si kitu," akainua ndoo yake. Kilikuwa kitu, nasi tulijua. Lakini tokea siku ile alianza tena kutusalimu.

Babu hakukemea wala hakusihi. Siku ya mvua alitoa sahani ya santuri ya mwaka 1969, akaiweka ipige, mvulana akiwa pale akisugua viatu vyake. Ni fidla mbili tu, za Denis Murphy na dada yake Julia Clifford, wenyeji wa nchi ya Sliabh Luachra, mpakani mwa Kerry na Cork. Babu akasimulia ya kuwa ndugu wale walifundishwa na Pádraig O'Keeffe, aliyezaliwa mwaka 1887 akafa mwaka 1963. Alikuwa mwalimu wa shule kama baba yake, akaachana na shule mwaka 1920, akawa akitembea kwa miguu nyumba kwa nyumba akifundisha fidla. Alikuwa na maandishi yake mwenyewe: nafasi nne kati ya mistari zilikuwa nyuzi nne za fidla, na tarakimu zilikuwa vidole. Kwa tarakimu hizo watoto wa wakulima wakapata elimu ambayo haikuwamo katika vitabu vya shule.

Sahani ikaendelea kupiga. Mvulana akaacha kusugua kiatu. Akauliza, "Babu, yupi ni dada?"

Babu akasema, "Sikiliza, kisha uniambie wewe."

Akasikiliza tena na tena. Ndugu wale hupiga tuni moja; mara hupiga sauti moja, mara mmoja hushuka chini na mwenzake hukaa juu. Aliye chini hajashindwa, na aliye juu hajashinda. Ukimwondoa mmoja, mwingine hupungukiwa. Mvulana akasema, "Siwezi kujua." Babu akasema, "Nami siwezi," akaiondoa sahani. Hakuongeza neno.

Baada ya siku chache babu akamwita tena. Akasema, "Mdogo wako ataka tuni ya bibi yako. Mimi vidole vyangu vina baridi yabisi. Nani atamfundisha?" Tuni hiyo ni jigi ambayo bibi, marehemu, alikuwa akiipiga kwa filimbi ya bati. Alifariki miaka minne nyuma. Msichana alikuwa bado mdogo wakati ule, hakuishika; mdogo hakumbuki hata sura ya bibi yake. Mvulana alifundishwa na bibi mwenyewe, kitandani pake, alipokuwa na miaka saba. Na babu, ambaye tulimsikia jana yake akipiga konsatina bila kulalamikia kidole chochote, hakupata kuipiga tuni ile tangu siku ya mazishi. Basi katika nyumba ile, mwenye tuni alikuwa mmoja tu.

Tulikuwapo alipoanza kumfundisha mdogo wake. Alikipiga kipande kifupi, akangoja. Mdogo akakosea, akangoja. Akakosea tena, mvulana akavishika vidole vyake vidogo, akaviweka juu ya matundu kimoja kimoja. Hakuona uchovu. Tukafahamu: yeye aliyepata kila tuni kwa jasho alijua mahali pote ambapo mtu aweza kujikwaa. Dada yake, mwepesi, asingeweza kufundisha hivyo, kwa kuwa yeye hakupita njia hiyo, aliruka juu yake. Sisi tuliopima watoto maisha yetu yote tulikuwa tumepima kitu kimoja tu.

Kisha msichana akaja akasimama mlangoni, fidla ya nusu mkononi. Akasema, "Nami nifundishe." Kaka yake akanyamaza kidogo, twadhani alikuwa na neno chungu, akalimeza. Akaenda uvunguni, akatoa fidla yake, akaanza kukaza nyuzi zilizolegea.

Hatutaki kuwadanganya kwa kusema ya kuwa yote yalipona. Mvulana hakurudi katika mashindano, wala hatujui kama atarudi. Msichana alikwenda Munster, akarudi bila nafasi. Alilia katika motokaa njia nzima, na kaka yake alikaa karibu naye, akiwa amempakatia fidla yake. Lakini mwezi wa saba, katika juma la shule ya Willie Clancy, tuliwaona watatu wote wakienda pamoja asubuhi, kila mmoja na chombo chake mgongoni. Na usiku wa kuagana nasi walipiga tuni ya bibi yao, msichana juu, mvulana chini, mdogo akikosea katikati kwa furaha. Safari hii babu alichukua konsatina, akavuta mvukuto, akaingia.

Tumerudi Ugogo. Katika nyumba ya wazazi wetu, juu ya dari yenye moshi, palikuwa na zeze la babu yetu, nalo pia hupigwa kwa uta. Hakuna aliyelivunja, siku za ubatizo wake aliliweka juu, na watoto wake hawakufundishwa, basi. Tumelishusha. Nyuzi zimekatika, kibuyu kimepasuka, lakini mti wake u mzima. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alilipiga zeze la Kigogo mbele ya watu wa Ulaya, na jamaa zake walipiga pamoja naye. Na sisi, walimu wenye vitabu, hatukuweza kumwonyesha mjukuu wetu mahali pa kuweka kidole. Sasa tumemwomba mzee mmoja wa kijijini aje kila Jumamosi. Wajukuu wanne hukaa mbele yake. Mmoja ni mwepesi sana. Twajizuia kusema.

Wazazi na walimu wenzetu, twawasihi neno moja. Mnapokaa na watoto wa tumbo moja, msimpime mmoja kwa kipimo cha mwenzake mbele ya macho yao. Mwenye kusana asane. Na yule asiyesana, msimfukuze kiwandani. Mpeni mvukuto, kwa maana bila yeye chuma hakiwi chekundu.